Je, Sheria ya Vyama Viwili Tu Ingetutuliza?

"Mwalimu, mimi nauza mahindi na maharagwe sokoni Busia, upande wetu wa Uganda. Kaka yangu ni mtu wa manjano, wa chama tawala NRM, tangu zamani, na mwanangu wa kwanza amekuwa mtu wa wekundu, wa chama cha upinzani NUP, tangu 2021. Kaka ndiye aliyemlipia karo ya sekondari. Sasa hawasalimiani. Walianza na maneno ya kiwanja alichoacha baba yetu, halafu siasa ikaingia, na kwenye matanga ya shangazi mwezi uliopita kila mmoja alikaa upande wake. Shemeji yetu aliyeishi Marekani miaka mingi anasema dawa ni kuandika sheria ya vyama viwili tu, kama kule, vishindane kwa utaratibu na kimoja kikipishe kingine. Lakini redioni nasikia hukohuko Marekani watu wanachukiana kwa ajili ya vyama hivyo viwili, na wengine wanasema havina tofauti yoyote. Inawezekanaje vyama viwe maadui na papo hapo viwe kitu kimoja? Tena mimi hupenda mgombea wa chama kidogo, na hao wawili, ambao hawakubaliani kwa lolote, wanakubaliana kwamba kura yangu naitupa. Ni kweli?"

Mama, katika barua yako kuna hofu moja iliyojificha chini ya maswali kadhaa: kwamba huenda siasa ya ushindani yenyewe ndiyo inayovunja nyumba yako, na kwamba pengine kuna namna ya kuipanga ili isivunje. Hofu hiyo ina msingi, na nitaijibu kwa urefu. Nianze na dawa ya shemeji, kwa sababu inasikika kuwa rahisi kuliko ilivyo.

Marekani haina sheria ya vyama viwili. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 haitaji chama hata mara moja, na rais wao wa kwanza, George Washington, alipoaga mwaka 1796 aliwaonya wananchi juu ya madhara ya vyama. Hata leo kuna vyama vingine huko, na majina yao huonekana kwenye karatasi za kura. Kinachowabakiza wawili uwanjani ni namna ya kuhesabu kura.

Chukua mfano wa sokoni kwenu. Wachuuzi 100 wanachagua mwenyekiti, na wagombea ni watatu. Wa kwanza anapata kura 40, wa pili 35, wa tatu 25. Kwa kanuni ya anayeongoza ndiye mshindi, yule wa 40 anachukua kiti, ingawa wachuuzi 60 hawakumtaka. Uchaguzi ujao, wale 25 hawatahitaji kufundishwa na mtu. Watajiuliza kama ni heri wamwunge mkono wa pili wasiyempenda sana kuliko kumwachia tena wa kwanza wasiyemtaka kabisa. Mgombea wa tatu naye ataona watu wanampungukia, wafadhili wanamkwepa, na mwishowe atajiunga na mmoja wa wakubwa. Mtaalamu wa Ufaransa Maurice Duverger alilieleza jambo hili mwaka 1951: kanuni ya kuhesabu huwanyima wadogo viti, kisha wapigakura, wakishaliona hilo, huwanyima wadogo kura. Hakuna aliyekatazwa kugombea, lakini uwanja unabaki na wawili.

Nguvu hiyo inafanya kazi hapa kwetu pia. Mwaka 2021 tulikuwa na wagombea urais 11, na wawili wa juu peke yao, Yoweri Museveni wa NRM na Robert Kyagulanyi wa NUP, walichukua zaidi ya asilimia 93 ya kura zilizotangazwa. Mwaka 2006 wagombea walikuwa watano, na wawili wa juu walichukua zaidi ya asilimia 96. Bungeni sura ni nyingine: kati ya viti 529 vya mwaka 2021, NRM ilipata 336, NUP 57, na wagombea huru zaidi ya 70, wengi wao wakiwa watu walioshindwa katika kura za mchujo za chama tawala kisha wakaja kwa mlango wa pembeni. Kwa hiyo sisi hatuna mfumo wa vyama viwili. Tuna chama kimoja kikubwa kilicho karibu na hazina na vyombo vya dola, na tuna nafasi ya pili ambayo chama cha upinzani cha FDC kiliishika miaka mingi kabla ya NUP kuichukua. Ukiandika sheria ya vyama viwili juu ya hali hiyo, hutapata Marekani. Utapata chama kilekile kikubwa, pamoja na mpinzani mmoja ambaye serikali ndiyo iliyomsajili.

Hilo limewahi kujaribiwa Afrika. Mwaka 1989 serikali ya kijeshi ya Jenerali Ibrahim Babangida nchini Nigeria ilivikataa vyama vyote vilivyoomba kusajiliwa, ikaunda viwili kwa amri yake: SDP, kilichoambiwa kielemee kidogo kushoto, na NRC, kilichoambiwa kielemee kidogo kulia. Serikali ikavijengea ofisi na kuvipa fedha. Juni 12, 1993 Wanigeria wakapiga kura kwa utulivu, na Moshood Abiola wa SDP akawa anaongoza waziwazi, hata katika maeneo ambayo kwa desturi yasingempa kura mtu wa kabila lake. Kisha serikali ileile iliyoviumba vyama hivyo ikafuta uchaguzi. Mwezi Novemba mwaka huohuo Jenerali Sani Abacha akatwaa madaraka na kuvipiga marufuku vyote viwili, na Abiola akafia kizuizini mwaka 1998. Chama kilichozaliwa kwa amri hakikuwa na mizizi ya kukishikilia amri ilipogeuka. Tena kwetu sheria kama hiyo ingegongana na Katiba ya 1995, inayotupa haki ya kuunda vyama na kulikataza Bunge kuanzisha utawala wa chama kimoja.

Sasa nije kwenye swali lako lililo bora kuliko yote, la maadui ambao ni kitu kimoja. Wanaosema vyama vya Marekani vinachukiana na wanaosema havitofautiani wote wana sehemu ya ukweli, kwa sababu mambo hayo mawili yana chanzo kimoja.

Mwaka 1929 mwanauchumi Harold Hotelling alionyesha kwa hesabu kwamba wauzaji wawili kwenye barabara moja ndefu, kila mmoja akitaka wateja wengi, huishia kusogeleana hadi karibu wagusane katikati. Anayebaki mwishoni mwa barabara atauza kwa wa mwisho tu, na mwenzake atauza kwa wengine wote. Wewe unayeuza nafaka umeyaona haya kwa macho yako. Vyama viwili navyo, vikitaka nusu ya kura na zaidi, husogea katikati: ahadi ileile ya barabara, ya hospitali, ya ajira kwa vijana. Lakini sasa muuzaji ana tatizo jipya. Kama mahindi yake yanafanana na ya jirani, mteja amchague kwa nini? Bidhaa zikifanana, kilichobaki kuuzwa ni hofu ya yule mwingine. Ndipo lugha inapokuwa kali kadiri tofauti ya matendo inavyopungua. Uadui huo ni wa kweli, na watu hufa kwa ajili yake. Lakini mara nyingi haukuzaliwa na tofauti ya mipango.

Kuna nguvu nyingine inayovuta upande wa pili. Kabla mgombea hajafika kwa wananchi wote, hupita kwanza kwenye mchujo wa chama, ambako hujitokeza wale wenye damu moto. Huko hushinda kwa kuwa mkali, kisha mwezi mmoja baadaye anatakiwa awe mpole mbele ya taifa zima. Ndiyo sababu unasikia mtu mmoja ana sauti mbili. Wakati mwingine si tabia yake mbaya. Ni kwamba mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja na wa kutokea mwingine.

Na chama kinachotaka kubeba nusu ya nchi lazima kiwe vyama vingi ndani ya ngozi moja. Chama cha Democratic cha Marekani kwa miongo mingi kilikuwa ndicho ngome ya wazungu wa kusini waliotetea ubaguzi wa rangi, na Republican kilianzishwa mwaka 1854 na watu waliopinga kuenea kwa utumwa. Rais Lyndon Johnson wa Democratic aliposaini Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964, wazungu wale wa kusini walianza kuhamia upande wa pili, taratibu, kwa miaka mingi. Majina ya nyumba yalibaki yaleyale huku wakazi wakibadilishana. Sisi tunaijua ngozi hiyo. NRM iliwafukuza wabunge wanne mwaka 2013 kwa kuwa walipingana na msimamo wa chama, na swali la iwapo wangeendelea kuketi bungeni likafika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba kufukuzwa na chama hakumnyang'anyi mbunge kiti chake. Chini ya kesi ile kulikuwa na swali la siku zote: mbunge ni wa chama au ni wa watu wa jimbo lake?

Lakini ukinzani unaoniumiza zaidi mimi ni mwingine, na naomba univumilie hapa. Tunasema "wengi wape", na tunaamini kwamba kura ya vyama viwili vikubwa angalau itatuambia nani wengi. Si lazima ituambie. Mwaka 1961, katika uchaguzi mkuu wetu wa kwanza wa moja kwa moja, serikali ya Mengo, yaani ya ufalme wa Buganda, iliwataka watu wa Buganda wasusie. Wachache sana walijiandikisha, na chama cha DP kikachukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda kwa kura chache. Nchi nzima chama cha UPC kilikuwa na kura nyingi kuliko DP, lakini DP ndiyo iliyokuwa na viti vingi, na kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, akaongoza serikali. UPC ilijiona imenyang'anywa, na Mengo ikamwona Kiwanuka kuwa Muganda aliyempita Kabaka, mfalme wake. Hao wawili, UPC na chama kipya cha upande wa Mengo, Kabaka Yekka, wakaungana mwaka 1962 wakaiondoa DP, na Milton Obote wa UPC akatupeleka kwenye uhuru tarehe 9 Oktoba.

Tazama muungano ule ulijengwa juu ya nini. Mmoja alitaka serikali kuu yenye nguvu, mwingine alitaka Buganda yenye mamlaka yake. Kilichowaunganisha kilikuwa kumzuia wa tatu. Kambi zinapokuwa mbili tu, kila mtu hulazimika kuingia moja, na huingia na watu ambao hana jambo nao zaidi ya adui. Wa tatu alipodhoofika, na kiongozi wa upinzani mwenyewe, Basil Bataringaya, alipovuka sakafu na kujiunga na serikali mwishoni mwa 1964, wale marafiki wakabaki wanatazamana. Februari 1966 Katiba ikasimamishwa. Mei jeshi likashambulia ikulu ya Kabaka, naye akakimbilia uhamishoni. Vijana wengi hufundishwa kwamba vyama vingi ndivyo vilivyotufikisha pale. Mimi nasoma historia hiyo tofauti: tulifikishwa pale na mpango ambao aliyeshindwa alipoteza kila kitu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukubali kushindwa.

Majirani zetu wa Zanzibar waliona jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Julai 1963 chama cha ASP kilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ukaunda serikali. Mapinduzi yalikuja Januari 12, 1964. Sisemi hesabu ya viti peke yake iliyaleta, kwani kulikuwa na ardhi, rangi na dhuluma ya vizazi. Lakini iliwaondolea watu imani kwamba kura inaweza kuwatoa walipo. Vyama vingi viliporudi, Visiwa viligawanyika tena nusu kwa nusu kati ya chama tawala CCM na chama cha upinzani CUF. Mwaka 1995 tofauti ya wagombea urais ilitangazwa kuwa chini ya asilimia moja, na Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano. Fahali wawili katika zizi moja dogo.

Kilichowapumzisha hakikuwa kuongeza wala kupunguza vyama. Mwaka 2010, baada ya maridhiano ya viongozi na kura ya maoni iliyopita kwa takriban theluthi mbili, Katiba yao ilibadilishwa ili chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri kwa kadiri ya viti vyake. Uchaguzi wa mwaka huo ulipita kwa utulivu ambao wazee hawakuwa wameuona. Nisikufiche, hata hivyo, kwamba mpango huo una bei. Upinzani ukiingia serikalini, nani atabaki kuhoji? Na uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, maridhiano yalivunjika haraka, kwa sababu yalitegemea nia njema kuliko taasisi.

Ghana huonyesha kwamba vyama viwili vinaweza kupishana kwa amani. Vyama vya NDC na NPP vimebadilishana ikulu mara nne tangu mwaka 2000, na mwaka 2008 duru ya pili iliamuliwa kwa kura zipatazo 40,000 tu, na nchi haikuwaka. Huko rais ana mihula miwili na anajua ataondoka. Chama kilichoshindwa kinajua zamu yaweza kurudi, kwa hiyo kusubiri kuna maana. Kwetu mwaka 2005 ulitoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mwingine. Julai tulipiga kura ya maoni kurudisha vyama vingi, na mwaka huohuo ukomo wa mihula ya urais ukaondolewa katika Katiba. Mwaka 2017 ukaondolewa na ukomo wa umri. Tulifungua uwanja, tukaondoa filimbi ya mwisho wa mchezo. Hapo ndipo ningemwomba shemeji atazame, badala ya kuhesabu vyama.

Njia nyingine ni kugawa viti kwa uwiano wa kura, kama New Zealand walivyofanya tangu 1996 baada ya kuchoshwa na chaguzi mbili ambazo chama chenye kura chache kiliunda serikali. Ni haki zaidi kwa vyama vidogo. Hasara yake ni kwamba wabunge wa orodha, yaani wanaoingia kwa orodha ya chama badala ya jimbo, huwa watu wa makao makuu ya chama, na wewe wa Busia huenda usijue umwendee nani kuhusu mtaro wa soko. Ningependa tuijaribu kwa baadhi ya viti, si vyote.

Sasa kura yako. Siku ya uchaguzi hupewi karatasi moja, na hesabu ya kila karatasi ni tofauti. Ya urais inahitaji mshindi avuke nusu ya kura halali. Asipovuka, wawili wa juu hurudi uwanjani ndani ya siku 30. Duru ya pili haijawahi kutokea hapa, lakini kanuni ipo, na maana yake ni kwamba kura ya mgombea mdogo inahesabika katika kumzuia wa kwanza asivuke. Haijatupwa. Ya mbunge ni tofauti: anayeongoza anachukua kiti hata kwa asilimia 30, na hakuna duru ya pili. Hapo wanayokuambia yana uzito, lakini swali la kujiuliza ni nguvu ya mgombea wako katika jimbo lako, si ukubwa wa chama chake nchini. UPC ni chama kidogo leo, lakini mwaka 2021 kilipata viti tisa, vingi vikiwa eneo la Lango, kaskazini, kwa kuwa wapigakura wake wanaishi pamoja. Kama mtu wako ana watu wa kutosha jimboni, mpe. Kama hana, unaweza kumpa ili uchaguzi ujao aonekane ana watu, au ukampa aliye nafuu. Yote mawili ni maamuzi ya mtu mwenye akili, na hakuna anayekudai maelezo. Kura ya rais na ya wabunge ni ya siri. Ile ya LC1, yaani baraza la kijiji, tuliyoipiga mwaka 2018 kwa kupanga mistari, ndiyo ambayo jirani huona umesimama nyuma ya nani.

Nimeacha nyumba yako mwishoni kwa makusudi. Katika barua uliandika, kama unapita tu, kwamba walianza na maneno ya kiwanja. Mama, mimi nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nchi inapogawanywa katika rangi mbili, kila ugomvi mdogo hupata nguo ya kuvaa: mpaka wa shamba, zamu ya boda kwenye kijiwe, deni la karo ambalo halikuwahi kusemwa kuwa ni deni. Mjomba akisikia "wekundu" husikia kijana asiye na shukrani. Kijana akisikia "manjano" husikia mzee anayetaka kiwanja. Mkijaribu kuwapatanisha kwa kujadili vyama, hamtafika. Waulizeni kila mmoja peke yake, wewe na mzee mmoja wa ukoo ambaye wote wanamheshimu, baba yenu aliwahi kusema nini kuhusu kiwanja kile na mbele ya nani. Hilo likipata jibu lililoandikwa na kushuhudiwa, ubishi wa vyama utabaki, ila watabishana wakiwa wameketi meza moja.

Wazee wakishindwa, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, na kama hati ya kiwanja ina utata, mtafute wakili au ofisi ya msaada wa kisheria kabla mtu hajajenga wala kuuza. Lakini yakifika maneno ya vitisho, au mmoja akianza kufuatwa au kupigwa kwa ajili ya chama chake, msingoje kikao cha ukoo: toeni taarifa polisi na mchukue namba ya kumbukumbu, na kama polisi hawakusikilizi, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hupokea malalamiko ya raia bila malipo. Na wewe mwenyewe, daftari la wapigakura linapofunguliwa kwa ukaguzi, pita kwenye ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya wilaya au kituo cha parokia yenu ya kiutawala (muluka) uhakikishe jina lako na kituo chako viko sawa.